Nilisema darasani tumbaku iachwe, nikaandika na Facebook: je, chuo kinaweza kunifukuza?

SWALI (nimelifupisha, na jina la chuo nimelitoa kama ulivyoomba): Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi chuo binafsi huku kanda yetu ya Magharibi, kwetu ni Urambo. Kwenye kipindi cha maendeleo vijijini nilisema kilimo cha tumbaku kinamaliza misitu ya miyombo na kinamwacha mkulima na madeni, kwa hiyo kiachwe taratibu. Mwanafunzi akanirekodi, klipu ikasambaa. Wiki ile ile nikaandika posti Facebook kali zaidi, nikaweka na takwimu za hekta za misitu, nikasema wanasiasa wa mkoa wanaoitetea tumbaku wanalipwa na makampuni. Wazazi wamelalamika, sasa nina barua ya kujieleza ndani ya siku 5, inasema nimekichafua chuo. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Hivi uhuru wa kitaaluma si upo? Nifute posti? Na kuna redio ya hapa Tabora wamenialika nikaongelee hilo hilo, niende?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mwangaluka juu yake maana umesema kwenu Urambo.

Ujue tu kwamba mimi tumbaku ndo imenisomesha. Mzee wangu alikuwa chama cha msingi, ada ilikuwa inasubiri masoko yafunguliwe, kwa hiyo ukiniuliza kama nakubaliana na wewe ntakwambia nusu nusu, miyombo inaisha hilo halina ubishi, ila "iachwe" bila kusema mkulima alime nini na amuuzie nani mimi linanipa shida. Nakwambia hivi usije ukadhani nakutetea kwa sababu tuko upande mmoja. Nimekaa miaka mingi kwenye jumuiya ya wanataaluma na nimesindikiza watu kwenye kamati za nidhamu, na wengi wao mawazo yao sikuyapenda hata kidogo.

Uhuru wa kitaaluma upo, ila wewe umeweka vitu viwili kwenye fungu moja na chuo nacho kimefanya hivo hivo kwenye barua yake. Cha darasani ni kimoja, cha Facebook ni kingine kabisa, na kinga yake sio moja. Ukijibu barua kwa kuvitetea vyote kwa pamoja, kile dhaifu kitakizamisha kile chenye nguvu.

Tuanze na darasani maana hapo ndo uko vizuri. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani imetokana na tamko la mwaka 1940 la chama cha maprofesa wa Marekani, AAUP, kwamba mwalimu yuko huru darasani kuongelea somo lake, ila awe mwangalifu asiingize mambo ya ubishi yasiyohusiana na somo. Angalia neno "somo" hapo. Hawakuuliza kama maoni yako ni sahihi au yanaudhi watu, wameuliza yanahusu unachofundisha? Sasa kipindi cha maendeleo vijijini, chuo cha kanda hii, wanafunzi wanatoka Urambo, Kaliua, Sikonge, Kibondo, usipoongelea tumbaku utaongelea nini, mkonge? Tena hoja yako sio ya mtu mmoja anayeropoka. Tanzania yenyewe iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na ndani yake kifungu cha 17 kinataka nchi ziwatafutie wakulima shughuli mbadala zinazolipa, na cha 18 kinaongelea mazingira. Yani ulichosema darasani kiko karibu sana na kitu ambacho nchi imekiridhia. Kiweke kwenye barua yako hicho.

Ila na mimi nikuulize, na hili kamati itakuuliza vile vile: kuna mtoto wa mkulima aliyenyoosha mkono ukamsikiliza? Maana tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa moto wa kuni karibu wiki nzima, usiku na mchana moto haulali, na darasani kwako kuna kijana ambaye amelala nje ya bani (banda la kukaushia tumbaku) miaka yote ya sekondari akichochea, akilala moto ukashuka tumbaku inaharibika na nyumba nzima inajua ni nani alilala. Huyo anajua zinaingia kuni kiasi gani kuliko wewe na mimi. Alafu anasikia lekchara wake anasema kazi ya baba ni balaa la mkoa, na ada ya semesta hii inasubiri malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kama alipewa nafasi akabisha na hukumbania maksi, wewe umefundisha. Kama alizimwa, au mtihani unadai akubaliane na wewe ndo apate A, hapo hata mimi sikutetei, kwa sababu mwanafunzi naye ana uhuru wake wa kujifunza na hiyo sio hisani yako. Kwa hiyo tafuta silabasi, tafuta slaidi za siku ile, tafuta swali la jaribio ulilotunga. Karatasi hizo zitakusaidia kuliko hotuba yoyote kuhusu uhuru.

Kuna kisa kimoja huwa nakitumia kufundishia hili jambo kwa sababu kinaudhi. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kulikuwa na mhadhiri wa uhandisi wa umeme, Arthur Butz, ambaye mwaka 1976 alichapisha kitabu kinachokana kwamba Wayahudi waliuawa kwa mamilioni na Wanazi. Uongo mtupu, na wa kuumiza watu walio hai. Chuo kilimlaani hadharani zaidi ya mara moja lakini hakikumfukuza, kwa sababu darasani alifundisha umeme tu, hayo mengine hakuyaingiza. Miaka ya 90 mwalimu mmoja wa muda wa kitivo hicho hicho, mtu mwenye nia njema kabisa, akaanza kufundisha habari za mauaji hayo kwenye kipindi chake cha uhandisi ili kumjibu Butz, na huyo mkataba wake haukuhuishwa. Mwenye uongo akabaki, mwenye ukweli akaondoka! Unaweza kusema ni upuuzi, na mimi kuna siku nasema ni upuuzi, ila ndo uone kinga hii imejengwaje: imejengwa juu ya mahali na somo. Na kwako hilo ni zuri, kwa sababu ulikuwa mahali pake na kwenye somo lako.

Mtu asikwambie haya ni mambo ya Wazungu. Malawi, Februari 2011, mhadhiri wa sayansi ya siasa pale Chancellor College, Blessings Chinsinga, alitoa mfano darasani akilinganisha uhaba wa mafuta Malawi na hali iliyozaa maandamano ya Misri na Tunisia. Mfano tu, wa dakika chache. Mtu akaupeleka polisi, na mkuu wa polisi wa nchi mwenyewe akamwita aende kujieleza. Wenzake wakagoma kuingia darasani mpaka wahakikishiwe hakuna mashushushu kwenye vipindi, Rais Bingu wa Mutharika ambaye ndo alikuwa mkuu wa chuo akasimama na polisi, wahadhiri wanne wakafukuzwa, chuo kikayumba karibu miezi minane, mwisho wa siku wakarudishwa kazini. Na usisahau kwamba Katiba ya Malawi inautaja uhuru wa kitaaluma kwa jina. Kilichomrudisha Chinsinga darasani ni wenzake kukataa kufundisha bila yeye.

Kwetu hapa historia inapanda na kushuka. Desemba 1969 Walter Rodney, akiwa anafundisha Dar es Salaam, alitoa hotuba kwenye semina ya vijana, gazeti la TANU The Nationalist likamkemea kwenye tahariri, tahariri kali kweli. Lakini kazi aliendelea nayo mpaka 1974. Mwaka mmoja baadae, Novemba 1970, gazeti la wanafunzi wa chuo hicho hicho, Cheche, likapigwa marufuku pamoja na umoja uliokuwa unalitoa. Serikali ile ile, mlima ule ule, na kipindi kile hakukuwa na andiko lolote la kumwambia mtu mpaka uko wapi. Ndo maana Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya juu nchini zikakaa zikapitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Lisome lote, na usiishie nusu ya kwanza kama wanavyofanya wengi. Ni andiko zuri, ila sio sheria, hakimu hafungi wala kufungua mtu kwa azimio.

Najua na wazee wa Tabora watakutolea mfano wa Mwalimu Nyerere, kasoma Tabora School, kafundisha St. Mary's hapa hapa, alafu 1955 akiwa Pugu akaambiwa achague ualimu au siasa, akaacha ualimu, kwa hiyo na wewe chagua. Ni mfano wa heshima ila haukuhusu, yule alikuwa rais wa chama anayekwenda Umoja wa Mataifa kudai nchi, wewe umetoa mada ya wiki ya sita.

Haya, Facebook.

Hapa nitakusema kidogo unisamehe. Ile posti ina sentensi za aina mbili. Za kwanza zinasema tumbaku imetuponza, sera ni mbovu, viongozi wamelala, hayo ni maoni na Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, hata kama Ibara ya 30 inakuja nyuma yake na mipaka. Alafu kuna ile sentensi ya "wanalipwa". Hiyo sio maoni mdogo wangu, hiyo ni tuhuma ya rushwa, na tuhuma inataka ushahidi. Una risiti? Una mtu wa kusimama mahakamani? Kama huna, uhuru wa kitaaluma haukufuniki hata kidogo kwa sababu msingi wake mzima ni kwamba mwanataaluma anasema anachoweza kukionyesha kimetoka wapi. Na zaidi ya chuo kuna kashfa, na kuna kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuhusu taarifa za uongo, ambacho wengi tunakilalamikia jinsi kilivyo kipana, ila kipo na kinatumika. (Zile takwimu ulizoweka kuhusu hekta za misitu hazinitishi sana. Kosa la kutoa takwimu zinazopingana na za serikali liliingizwa kwenye Sheria ya Takwimu mwaka 2018, kelele zikapigwa ndani na nje, 2019 likaondolewa. Wewe taja tu umezitoa wapi.)

Mhadhiri akiongea kama raia, nje ya darasa, msimamo wa wenzetu waliolifikiria hili muda mrefu ni kwamba chuo kisimwadhibu, ila naye aseme wazi kwamba haongei kwa niaba ya chuo. Msimamo huo ulianza na mtu ambaye mimi nisingemkaribisha nyumbani. Edward Ross, Stanford, mwaka 1900, alisimama hadharani akapinga wahamiaji kutoka Asia kwa maneno ya kibaguzi kabisa, na akaunga mkono usafiri wa mijini umilikiwe na umma. Mwenye chuo, Jane Stanford, mjane wa tajiri wa reli, akashinikiza mpaka Ross akaondoka. Wenzake kadhaa wakajiuzulu kupinga, mmoja wao Arthur Lovejoy, na huyo huyo mwaka 1915 ndo akawa miongoni mwa walioanzisha AAUP. Hawakuwa wanapenda ubaguzi wa Ross, walikuwa wanakataa mwenye pesa kuamua profesa aseme nini. Wewe utaona inafanana na nini kama mmoja wa wafadhili wa chuo chako yuko kwenye biashara ya tumbaku, mimi simo.

Lakini kwenye vitendo kinga ya nje ya darasa ni nyembamba kila mahali. Steven Salaita aliahidiwa kazi Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2014 akaandika maneno makali Twitter kuhusu Gaza, kazi ikafutwa kabla hajaanza, mwaka uliofuata chuo kikakubali kulipa dola 875,000, zake na za mawakili wake, kesi iishe ila darasani hakuingia. Jirani zetu Uganda, Stella Nyanzi wa Makerere alimtukana Museveni Facebook, akakamatwa Aprili 2017, kazi akapoteza, 2019 akahukumiwa miezi 18 kwa posti nyingine, na Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020. Katiba ya Uganda inautaja uhuru wa kitaaluma kwa jina, ya Kenya pia, Ibara ya 33. Ya kwetu haiutaji, inabidi uupitishie kwenye Ibara ya 18.

Na kwa mtu wa chuo binafsi hata hiyo Ibara ya 18 sio silaha yako ya kwanza. Silaha yako ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, watu wanaidharau kwa sababu haina maneno makubwa. Kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri awe na sababu halali NA afuate utaratibu wa haki, vyote viwili. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na kwenye orodha yake maoni ya kisiasa yamo. Kanuni za mwaka 2007 zinataka ukiitwa kwenye kikao upewe muda wa kujiandaa, angalau masaa 48, na uruhusiwe kwenda na mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Kama huna chama, leo hii ulizia THTU au RAAWU, usisubiri moto uwake. (Wa vyuo vya umma wao wana njia nyingine, wanapita Tume ya Utumishi wa Umma kwanza na wana miiko yao ya utumishi kuhusu kuongea na vyombo vya habari, msikopiane majibu.)

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni huo mwezi wa tisa. Kufukuza kunahitaji kikao na sababu, kutohuisha mkataba kunahitaji kukaa kimya tu. Wengi wanaondolewa hivo, hakuna barua wala kikao, mtu anakuta jina halipo kwenye ratiba ya semesta. Ila sheria hiyo hiyo kifungu cha 36 inasema ukiwa na matarajio ya msingi kwamba mkataba utahuishwa, na usihuishwe, hiyo nayo inahesabika ni kuachishwa kazi. Matarajio yanatoka wapi? Kwenye maandishi. Mkataba ulishawahi kuhuishwa? Kuna barua pepe ya mkuu wa idara inayokupangia kozi za mwaka ujao? Umewekwa kwenye mpango wa kusomeshwa? Kusanya sasa hivi na uzitume kwenye barua pepe yako binafsi, kwa sababu ya ofisini inaweza kuzimwa asubuhi moja. Na likitokea, una siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wanapoteza kesi nzuri kwa kusubiri baraza la wazee likae.

Barua ya kujieleza usiijibu kwa hasira na usiijibu kwa kurasa nane. Mimi ningeanza hivi:

"Barua yenu inanituhumu kukichafua chuo. Naomba nielezwe ni maneno yapi yanayolalamikiwa, niliyatamka au kuyaandika wapi, na yamevunja kifungu gani cha kanuni za watumishi, ili niweze kujibu kikamilifu. Kuhusu kipindi, mada ilikuwa ya wiki ya sita kwenye silabasi iliyopitishwa na idara, nakala naambatanisha pamoja na slaidi. Kuhusu ukurasa wangu wa Facebook, niliandika kama raia na sikutumia jina wala nembo ya chuo."

Hiyo ya mwisho iandike kama ni kweli tu. Nenda kaangalie, kama kwenye profaili umejaza unafundisha wapi, na wengi tumejaza, basi sema "sikuongea kwa niaba ya chuo" na uishie hapo. Alafu peleka kwa mkono, mtu wa masjala agonge muhuri kwenye nakala yako.

Aliyekurekodi mwache. Najua inauma, na chuo kikitunga kanuni ya kurekodi vipindi mimi ntaipigia kura, ila ukianza kumtafuta darasa zima litanyamaza mpaka mwisho wa semesta na malalamiko yatakuwa mawili.

Posti usiifute yote. Skrinshoti wanayo tayari, ukifuta utaonekana umejua una hatia. Toa ile sentensi ya "wanalipwa", kisha juu yake andika kwamba umeiondoa kwa kuwa huna uthibitisho wake na kwamba hoja nyingine zinabaki. Mistari miwili. Na hilo liseme kwenye barua pia, maana kamati ikikuta umeshasahihisha mwenyewe inabaki kujadili maoni, na kwenye maoni una pa kusimama.

Redioni nenda, ila baada ya kujibu barua, sio kabla. Huhitaji ruhusa kuongea kama wewe isipokuwa mkataba wako umesema vingine, kwa hiyo usome upya wote leo usiku, hasa kile kipengele cha mawasiliano na vyombo vya habari ambacho hakuna anayekisoma siku ya kusaini. Mtangazaji akutambulishe kwa jina na fani, chuo asikitaje. Na mwambie aite na mkulima wa tumbaku, wa Kaliua au wa kwenu Urambo, akae meza moja na wewe akujibu. Akikataa kumwita mkulima, kataa na wewe.